Mteja Aliyebaki

Cornel alikuwa akila makusudi. Alivuta benchi langu hadi ukingoni mwa baraza, pale ambapo kila apitaye Barabara ya Morogoro hana budi kumwona, akakunja mikono ya shati, akanawa, akaanza kula wali na maharage kana kwamba yuko harusini. Tena taratibu. Fundi cherehani yule, ambaye siku zote alikuwa akibugia chakula huku jicho liko kwenye suruali ya mteja upande wa pili wa barabara, siku hizo alitafuna kila punje.

"Maliza uende zako, watu wanatutazama," nilimwambia.

"Ndiyo maana nakula polepole. Wakitazama vya kutosha watasikia njaa."

"Watasema una wazimu."

"Hilo walikwisha lisema tangu nilipoanza kukupenda."

Nikageuza uso nisije nikacheka. Wakati wenyewe haukuwa wa kucheka. Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kimeshika pwani yote, na tangu kilipoingia Kisarawe, watu wa Visiga walikumbuka ghafla kwamba mimi Mwanaamina binti Matano ni mzaliwa wa Marui, huko huko Kisarawe. Walikuwa wamekunywa chai yangu miaka na miaka bila mtu kuniuliza kwetu ni wapi. Sasa hata madereva wa malori, waliozoea kunipigia honi wakiwa mbali ili niwakaangie mayai, walipita moja kwa moja hadi Mlandizi bila kugeuza shingo.

Bwana afya alikuja akafunua masufuria yangu, akachungulia mtungi, akanusa kitambaa cha meza. Hakupata la kusema. Akaniambia niendelee, ila maji yachemshwe na chakula kifunikwe. Nilikuwa nikifanya hivyo hata kabla hajaja. Lakini bwana afya hakuwa mteja. Mteja alikuwa Cornel peke yake.

Nikakaa karibu naye, si karibu sana, maana macho yalikuwa mengi.

"Cornel, nisikilize. Sitaki ufe kwa ajili ya benchi langu."

"Na mimi sitaki ufunge. Ukifunga utarudi Marui kwa baba yako, na Mzee Matano atakuoza kwa yule mjomba mwenye minazi."

"Si mjomba. Ni binamu."

"Awe nani, ana minazi." Akanywa maji, akafuta mdomo. "Mina, mimi si mtoto. Hatari nimeipima. Maji unachemsha, nakuona kwa macho yangu. Wali unatoka jikoni unafuka moshi. Nikiogopa kula hapa, basi nisile popote. Mtu mmoja akionekana anakula na hafi, wa pili atakuja. Wa pili akija, wa tatu hatakubali kupitwa."

"Na kama wewe ndiye utakayekufa?"

"Basi utanilia."

Alisema hivyo akinitazama, na mimi nikashindwa kuyaondoa macho yangu. Alikuwa na macho ya mtu asiyejua kudanganya, makubwa, meusi, yenye kope ndefu ambazo zilistahili kupewa mwanamke. Nilitaka kuushika mkono wake pale pale, hadharani, na dunia iseme itakalo.

Lakini aliyesema hakuwa dunia, alikuwa mama yake. Mama Yosefina alikuwa ametoka jumuiya na wenzake, rozari bado i mkononi. Akawaacha wenzake barabarani, akaja hadi mbele ya baraza.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikasimama.

Hakuitikia.

"Cornel, inuka."

"Nakula, mama."

"Nyumbani kuna chakula."

"Cha nyumbani nitakula jioni."

"Uliponiletea habari za kuoa Mwislamu nililia, nikanyamaza. Padri akasema nikuombee, nikakuombea. Sasa unataka na kaburi nikuchimbie? Mtu katoka Marui, kwenye ugonjwa, wewe unakaa kula mikononi mwake mbele za watu?"

"Mama, hajatia mguu Marui tangu Idi."

"Mimi sitaki kujua. Inuka."

Hakuinuka. Alichota wali mwingine, akautia mdomoni, akautafuna akimtazama mama yake. Niliona aibu kwa ajili ya yule mama, na moyoni, chini kabisa, nikajisikia malkia. Mama Yosefina akageuka akaenda zake. Kisha Cornel akaniomba chapati za kumpelekea Matilda, mdogo wake, msichana aliyekuwa akizipenda chapati zangu kiasi cha kuzila barabarani kabla hazijafika nyumbani. Nikamfungia za moto kabisa.

Na kweli hesabu yake ilianza kukubali. Siku chache baadaye Mzee Mwishehe, balozi wetu wa nyumba kumi, akapita akasita, akaomba chai. Baada yake akaja dereva mmoja wa lori. Nikapika maharage mengi zaidi. Jioni Cornel alinikuta nikiosha vikombe, akasema, "Nilikwambia," nami nikamrushia povu la sabuni, kisha nikamfungia chapati nyingine za Matilda.

Kesho yake asubuhi alikuja Mzee Mwishehe tena, lakini hakupanda barazani. Alisimama kule barabarani, kofia mkononi.

"Mwanaamina, Cornel na Matilda wamechukuliwa na gari la afya alfajiri. Wamepelekwa kambini."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Walianza kuharisha usiku." Akatazama vikombe vyangu, akatazama chini. Tumbo lake mwenyewe alikuwa amelishika. "Na mimi nilikunywa chai yako juzi."

"Unaumwa, Baba?"

"Siumwi. Lakini nimekunywa."

Niliondoka na nguo ya jikoni vile vile. Kambi yenyewe ilikuwa madarasa matupu yaliyozungushiwa kamba, na mlangoni alisimama mwanamgambo mwenye kitambaa puani. Nyuma yake nilisikia mtu akitapika, na muuguzi akiita ndoo.

"Nataka kumwona Cornel, fundi wa Visiga."

"Ndugu tu ndio wanaoruhusiwa. Wewe ni nani wake?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa mke, sikuwa mchumba wa kutambuliwa, kwao hawajaleta posa na kwetu hawangeipokea. Nilikuwa mwanamke aliyempikia.

"Ni jirani," nikasema.

"Majirani warudi nyumbani."

Matilda hakuiona jioni ya siku ile. Walimzika watu wa afya, kwa chokaa, bila kuoshwa na mama yake, bila misa, na matanga yakapigwa marufuku. Watu waliomboleza kila mmoja mlangoni kwake. Kwangu hakuja mtu. Nilikaa barazani na masufuria yamefunikwa, na kila aliyepita alivuka barabara kwanza, akanipita upande ule, kisha akavuka tena. Chapati zangu zilikuwa zimetajwa Visiga nzima. Alikula za nani? Alikula za Mwanaamina. Basi.

Niliposikia kwamba Cornel ameanza kunywa mwenyewe bila dripu, nililia nikamshukuru Mungu, nikajifunga ushungi, nikaenda kwa Mama Yosefina. Msiba ni msiba. Hata kama angenifukuza, nilitaka anifukuze nikiwa nimekwisha mpa pole.

Nilimkuta uani, kanga kiunoni, anachochea moto chini ya sufuria ya maji. Alikuwa amekonda mashavu. Alinitazama, kisha akautazama moto tena.

"Hodi, mama. Shikamoo. Pole sana."

"Umekuja kuitazama kazi yako?"

"Nimekuja kukupa pole. Matilda alikuwa kama mdogo wangu."

"Mdogo wako." Alicheka kicheko kisicho na kitu ndani yake. "Chapati zako ndizo za mwisho kuingia kinywani mwake. Nilimwambia Cornel, inuka. Mbele yako nilimwambia. Hakuinuka, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama pale na macho yako hayo."

"Mama, kwangu kila kitu kinachemshwa. Bwana afya mwenyewe..."

"Usinitajie bwana afya. Nyumba hii tunachemsha. Tangu siku ile alipotangaza, watoto wangu hawajanywa maji ambayo sikuyachemsha kwa mkono wangu huu. Asubuhi nachemsha, jioni nachemsha, kuni zimenimalizia mgongo. Sasa niambie, waliupata wapi? Niambie wewe, kama si kwako waliupata wapi?"

Na kusema kweli, kwa siku zile zote nilikuwa nimeanza kujitilia shaka mwenyewe, nikikumbuka kila sahani, kila kitambaa, nzi gani alitua wapi.

Mama Yosefina akaipua sufuria. Maji yalikuwa ya Cornel. Kambini walikuwa wameruhusu mgonjwa aletewe ya nyumbani, mradi yamechemshwa. Akayamimina kwenye galoni dogo la plastiki hadi nusu, mvuke ukimpanda usoni. Kisha, huku bado ananisema, akageuka, akafunua mtungi uliokuwa kivulini, akachota kata moja, akaijazia mle mle galonini. Akachota ya pili.

"Mama," nikasema. "Hayo ni nini?"

"Maji. Huoni?"

"Yamechemshwa hayo?"

"Yachemshwe ya nini? Ya kupoozea tu haya. Mgonjwa atakunywa maji ya moto?"

Nililinyakua lile galoni mikononi mwake, nikalimwaga chini. Akainua mkono kunipiga. Sikukimbia.

"Ya mtungini umeteka wapi?" nikamwuliza.

"Kisimani. Wote tunateka kisimani."

"Na kila siku unapooza hivyo?"

"Kila siku. Wewe unapoozaje?"

"Nayaacha mpaka yapoe yenyewe, mama. Nayafunika mpaka kesho yake."

Mkono wake ulikuwa bado juu. Niliuona ukishuka kidogo kidogo, bila yeye kujua.

"Na wewe huumwi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Hunywi hayo hayo?"

"Mimi nakunywa chai. Maji matupu yananiuma meno." Akatazama mtungi. Akatazama pale chini, udongo ulikuwa unakunywa yale maji. "Ni kata moja tu, Mwanaamina. Kata moja, mbili. Ya kupoozea."

Akakaa chini pale pale, kwenye majivu.

Sitaficha. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Nilikuwa nimepona. Ningeweza kutoka pale nikapiga mbiu barabarani: haikuwa mimi, haikuwa chapati, nendeni mkatazame mtungi wa Mama Yosefina. Wateja wangerudi kabla jua halijatua. Cornel angetoka kambini akanikuta safi, na mama yake asingekuwa na kinywa cha kupinga ndoa tena maisha yake yote. Niliyaona yote hayo kwa mara moja.

Kisha nikamtazama. Alikuwa anaukwangua udongo kwa kucha, pale palipolowa, kana kwamba maji yale yanaweza kurudishwa mtungini.

"Nilikuwa nampa mwenyewe," akasema. "Alipoanza kuharisha, nikampa zaidi. Alikuwa analia kiu. Nikampa zaidi, Mwanaamina."

Nikapiga magoti, nikamshika. Alinuka moshi. Alilia kifuani pangu, mama yule ambaye hakuwahi kuitikia shikamoo yangu, nami nikalia juu ya kitambaa chake cha kichwa. Alipomaliza alinishika miguu.

"Cornel asijue."

"Usinishike miguu, mama, wewe ni mkubwa wangu."

"Cornel asijue. Nimebakiwa na yeye tu. Akijua nimemuua mdogo wake, hatanitazama tena. Nitakuwa nimewazika wote wawili."

"Na mimi je? Mimi anitazameje?"

"Wewe bado binti. Una maisha. Mimi sina kingine."

Nilikasirika. Nilikasirika hata nikataka kuondoka na kumwacha na majivu yake. Una maisha! Maisha yenyewe nilikuwa nimeyaweka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye mama yake aliyekuwa akiniomba nimwache adanganyike. Lakini mikono ile miguuni pangu sikuweza kuivumilia.

"Wanawake wangapi hapa Visiga wanapooza kama wewe?" nikamwuliza.

"Wote. Nani anaweza kusubiri mpaka kesho?"

"Basi nisikilize. Mimi nitanyamaza. Wewe hutanyamaza. Utakwenda nyumba kwa nyumba, kwa wa jumuiya yako na kwa Waislamu pia, utasimama kisimani, utawaambia wasipooze kwa maji mabichi. Useme umeambiwa kambini. Mimi hawanisikilizi tena, wewe watakusikiliza. Siku nitakayosikia umekaa nyumbani, nasema kila kitu."

"Nitakwenda," akasema. "Nitakwenda leo hii."

Alikwenda. Nitampa haki yake, alikwenda kweli, na maombolezo yake yote, akipiga hodi Visiga nzima na vichochoro vyake. Watu walisema uchungu umemwingia kichwani, lakini waliacha kupooza. Lile gari la afya likaanza kupita mara moja moja, kisha likawa halipiti.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nilijiambia kwamba Cornel hataniuliza. Mtu aliyekula mikononi mwangu wakati wote walipokimbia, mtu aliyeniona nikichemsha kwa macho yake, ataniuliza nini? Watu watasema, yeye atacheka, tutaendelea. Nililala na hesabu hiyo, nikaamka nayo. Ndiyo iliyonipa nguvu ya kunyamaza.

Alitoka kambini, akakaa kwao wiki, ndipo akaja. Ilikuwa mchana. Suruali ilimpwaya, mkanda ulikuwa umetobolewa tundu jipya. Upande wa pili watu walikuwa wamekaa nje ya duka, wakaacha kuzungumza. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilitaka kumkimbilia. Yeye alibaki chini ya baraza.

"Mina."

"Karibu, Cornel. Pole. Pole na yote."

"Nimeshapoa." Hakunitazama machoni, alitazama mwiko. "Nataka kukuuliza kitu kimoja, na utakachonijibu nitakiamini. Siku ile ya chapati za Matilda. Maji ulichemsha?"

Basi aliuliza.

Nilikuwa nalo jibu, lilikuwa mlangoni mwa meno. Ndiyo, nilichemsha. Neno jepesi. Lakini nikilisema, angeuliza la pili: kama ni hivyo, tuliupata wapi? Nyumbani tulikunywa nini? Cornel si mjinga. Angekwenda kwao akafunua mtungi. Nilimwona Mama Yosefina kwenye majivu yake, na kucha zake udongoni.

Nikanyamaza.

Alisubiri. Alisubiri kwa muda mrefu kuliko nilivyostahimili, akiniomba kwa macho yale yale niseme lolote. Kisha nikaona kitu kikizimika usoni pake.

"Basi," akasema.

"Cornel..."

"Basi, Mina. Kila mtu husahau siku moja. Kuni zilikuwa shida, ulikuwa peke yako. Najua hukukusudia."

Akapanda barazani. Akalivuta benchi hadi ukingoni, pale pale pa kuonekana, akakunja mikono ya shati ambayo sasa ilimzunguka mara mbili.

"Niletee wali."

"Huna haja ya kula hapa."

"Niletee wali, Mwanaamina."

Nikampakulia. Mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa. Alikula, na hakuwa na hamu, nilimwona akilazimisha kila tonge lishuke. Watu wa dukani walisimama ili waone vizuri. Huku anakula, alizungumza kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa.

"Nahama. Mjomba yuko Kisarawe mjini, kuna baraza tupu kwake. Cherehani itakwenda kesho na lori."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki na hoteli yako. Ndiyo maana nakula." Akatafuna. "Siwezi, Mina. Nimejaribu wiki nzima. Nikikaa mezani kwako kila siku ya maisha yangu, nitamwona Matilda amekaa upande wa pili. Mama anakutetea, unajua? Siku hizi anakutetea, ananiambia nikuoe. Sijui kimempata nini. Hata hivyo siwezi."

Nililia bila sauti, uso nimeuelekeza jikoni ili watu wasione. Ningeweza kusema hata wakati ule. Neno lilikuwa bado lipo.

Alimaliza sahani yote. Akanawa, akasimama, akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, "Nimekula, nimeshiba. Mimi niliyeugua nimekula. Mwenye njaa aje." Mzee Mwishehe aliyekuwa pale dukani akakuna kidevu, akaanza kuvuka barabara, na mtu mwingine akamfuata nyuma.

Cornel akanisogelea mara ya mwisho. Nilisikia harufu ya sabuni ya kambini shingoni mwake.

"Nimekusamehe," akaninong'oneza. "Nataka ujue. Kwa moyo wangu wote nimekusamehe."

"Ahsante," nikamwambia.

Akashuka. Nikaiondoa sahani yake mezani, kwa sababu Mzee Mwishehe alikuwa amekwisha kaa, anauliza kama chai ipo.